Mbwa Waliogeukia Ukuta

"Dola mia sita! Mia sita, Shefu, na mi sitapunguza hata moja!"

"Ya kufanya nini? Mbwa yangu ilikula muguu ya nani?"

"Bapangaji bangu bawili balihama! Nani atalala paseli ile? Mbwa zako zinalia kila siku kama bantu beko ku matanga!"

"Basi kama ni matanga leta pole, usilete fakitiri ya deni!"

Watu waliojaa uani kwa Tata Ngeleka, shefu wa avenyu, yaani mtaa ule, wakacheka. Zéphirin hakucheka. Alikuwa mnunuzi wa madini kule Mutoshi, mtu wa shati lililopigwa pasi, na nyumba yake ilikuwa ya kwanza kwenye avenyu nzima kuwekwa karo, vigae vyeupe vya kung'aa, sebuleni. Mama Mado, aliyekuwa akigombana naye, alikuwa jirani wa ukuta mmoja. Katika paseli yake, kiwanja chenye nyumba na ua, aliwatunza mbwa wasio na mwenyewe. Alianza na wawili, walioachwa langoni na familia za wageni zilipofunga mizigo na kuhama kambi ya mgodi. Kisha watu wakaanza kumletea: mbwa wa marehemu, mbwa aliyegongwa na kamio ya mizigo, mbwa aliyekataliwa na mke mpya. Hakumrudisha hata mmoja. Mdomo wake ulikuwa mkali, ila mkono wake haukujua kunyima.

"Mi nikiwa na deni nalipa," alisema, kidole kikielekea usoni kwa Zéphirin. "Hii si deni, ni wizi. Mbwa hailie bure. Uliza kwanza inaona nini kwako."

Hapo Zéphirin alikunja uso ghafla, kama mtu aliyekuta jiwe kwenye tonge la bukari. Watu wachache waliliona hilo, na wakalisahau.

Tata Ngeleka, aliyeogopa kelele kuliko alivyoogopa dhuluma, akakata shauri. Siku ya mposho, Jumamosi, iwe mwisho. Mama Mado alipe, la sivyo mbwa wote watapakiwa kwenye kamio na kupelekwa kwenye machimbo ya zamani nje ya mji, na mwindaji mmoja mwenye bunduki atamaliza kazi.

Dola mia sita Mado hakuwa nazo. Alikuwa na mbwa.

Na jambo lenyewe lilikuwa na ubaya wake, ambao Mado alikuwa ameuona zamani bila kutaka kuuona. Usiku mbwa wale walilala kama magunia. Walibweka mchana kweupe, baada ya watu kula, saa ile jua linapopiga mabati na kila mtu anatafuta kivuli. Hawakuelekea langoni wanakopita wapita njia. Wote waligeukia ukuta wa Zéphirin. Hata Koloneli, mzee wao, aliyepofuka macho yote mawili, alikuja akipapasa na kuweka pua yake palepale. Ua mzima walikuwa wameuchimbachimba, ndiyo desturi ya mbwa. Lakini chini ya ukuta ule udongo ulikuwa umelala vizuri, hauna alama ya ukucha hata mmoja.

Kesho yake lango la Mado liligongwa polepole. Alikuwa Adèle, mke wa Zéphirin, amejifunika kitenge mpaka kidevuni, na joto lile.

"Yaya Mado," alisema, kama mdogo kwa dada mkubwa, "usipandishe sauti."

"Bwana yako amekutuma kuchukua pesa?"

"Eko Mutoshi. Yaya, kuya ukae na mi ku salo, saa ya mbwa zako kulia. Mi peke yangu siwezi tena."

"Unaogopa mbwa zangu?"

"Hapana." Adèle alitazama nyuma. "Naogopa kile kintu zinajibu."

Walipokuwa wakizunguka ukuta alimweleza, maneno yakitoka kwa pumzi tu. Kila asubuhi alizipiga karo deki. Kila mchana alikuta matope juu yake. Hayakuwa matope mekundu ya uani, bali yale meusi. Mtu wa Kolwezi, mji wa machimbo, hahitaji kufundishwa tofauti: udongo mwekundu unaukanyaga, mweusi unashuka shimoni kuufuata.

"Pasta Josias alikuya," Adèle alisema.

"Akafanya nini?"

"Aliomba, akaamuru ile pepo iende. Kile kintu kikapiga kule chini mbiombio, kama mutu mwenye furaha. Pasta akafunga Biblia. Akaniambia, Mama, mi nimefukuza mapepo mingi, hakuna hata moja ilifurahi. Akaenda. Hata chai hakukunywa."

Sebule ilikuwa baridi kuliko nje. Kulikuwa na viti vikubwa, televisheni, picha ya Bikira Maria, na karo ambazo mtu angeweza kujitazama ndani yake. Walikaa bega kwa bega kama wagonjwa wanaongoja kuitwa.

Kwanza ilikuja harufu: udongo mbichi, mshumaa uliozimwa, jasho la kwapa. Kisha, ng'ambo ya ukuta, Koloneli alitoa sauti moja, wengine wakaidaka, na nyumba ikajaa mbweko. Na ndani ya mbweko ule, kwa chini, chini sana, Mado akasikia kitu ambacho kwanza alidhani ni moyo wake, kisha akadhani ni jirani anayetwanga majani ya sombe, kisha akainama na kuweka kiganja kwenye karo, na karo ikampiga kiganjani mara tatu, ikangoja, ikampiga mara tatu, ikangoja, na kila ilipongoja mbwa nao walinyamaza kama watu wanaosubiri jibu, na jibu lisipokuja wakalia upya kwa uchungu zaidi, na kwenye mstari mwembamba kati ya karo mbili matope meusi yakaanza kupanda taratibu, yakajikusanya, yakatambaa mpaka kwenye kidole chake, nayo yalikuwa na joto kama la mwili wa mtu.

Aliuondoa mkono. Alikuwa ameyatambua mapigo.

Hakuna aliyekulia mji ule asiyeyajua. Mchimbaji akiwa chini, hupiga mara tatu ukutani au hutikisa kamba mara tatu: nivute. Na aliyeshika kamba juu haendi kunywa, haendi kukojoa, hasemi amechoka, mpaka mwenzake ameliona jua. Watu wa mashimo huibiana magunia, huibiana hata wake. Kamba hawaiachi.

"Adèle," Mado alinong'ona. "Hapa chini ya karo kulikuwa nini?"

"Shimo. Mwaka ule bote balichimba ndani ya manyumba, unajua. Zéphirin alichimba hapa ku salo, juu akatega bashi ya turubai ili bantu ba leta, ba serikali, basione. Alikuwa na kijana mumoja, Kabeya, wa kule Musumba. Kijana wa heshima, alikuwa anakula na sisi. Mi nikaenda kuzaa kwa mama yangu, Lubudi. Kurudi, nakuta karo." Adèle alijishika mdomo. "Nikafurahi, Yaya. Nikacheza juu yake na mutoto mugongoni! Nikauliza Kabeya eko wapi. Banasema alirudi kwabo."

"Banasema nani?"

Mlango ulifunguka. Zéphirin alisimama pale na begi lake la kazi, na jasho lilikuwa limelilowesha shati lake mpaka mbavuni.

"Unafanya nini ku nyumba yangu?"

"Nasikiliza."

"Ende kwako! Ni mbwa zako! Mbwa zako njo zinamuamusha!"

"Zinamuamusha nani, Tata Zéphirin?"

Chini ya miguu yao yakaja mapigo matatu. Bila kutazama chini, Zéphirin alikisukuma kiti kimoja kwa goti mpaka kikakaa juu ya ule mstari wa matope, sawasawa kabisa, kama mtu anayefunga kifungo cha shati gizani.

"Siku ya mposho," alisema. "Mia sita."

Jioni ileile Mado alikwenda kwa shefu na kumwambia yote, wazi, bila kupamba. Tata Ngeleka alimsikiliza hadi mwisho, kisha akacheka mpaka akajipangusa macho.

"Mama Mado, deni banalipaka na pesa, habalipake na hadithi ya bazimu. Leta mia sita ao leta mbwa."

Jumamosi kamio ilichelewa, kama kamio zote. Ilipofika, watu walikuwa wamekwisha kula na mbwa walikuwa wamekwisha kujipanga ukutani. Avenyu nzima ilitoka kuangalia. Mado aliwakataza wapakiaji kuwagusa. Aliwabeba mwenyewe, mmoja mmoja, akiwasemesha majina yao masikioni, na kila aliyebebwa alikaza shingo kutazama nyuma, bado akibweka. Koloneli alibaki wa mwisho. Ilibidi Mado aibandue pua yake ukutani kwa mkono. Alipomweka juu ya kamio, mzee yule alifunga mdomo, na wote wakafunga midomo.

Kimya kilichoanguka hapo watu walikuwa wamekisahau. Mtoto mmoja aliacha kulia. Benoît, muuza vocha za simu, aliyekuwa mchimbaji zamani, aliinua kichwa na kutazama huku na huku.

"Munasikia?" Zéphirin alipanua mikono, akicheka meno yote nje. "Munasikia ile kimya? Njo kile nilikuwa naomba!"

Walisikia. Kilianzia chini, kikapanda kwenye nyayo kabla hakijafika masikioni, kikazitikisa kidogo chupa za mafuta kwenye meza ya muuza mafuta, mara tatu, kikangoja, mara tatu, kikangoja, na sasa hapakuwa na mbwa wa kukifunika, hapakuwa na lolote kati yake na watu, na Benoît, bila kujua anachofanya, aliziacha vocha zikaanguka na vidole vyake vikafumba hewa, mkono juu ya mkono, kama mtu aliyeshika kamba nzito, na mwanamume aliyekuwa karibu naye akafanya vilevile, na mwingine ng'ambo ya barabara, na mwingine tena, mpaka avenyu ikawa imejaa wanaume waliosimama juani ngumi zimekaza, wakivuta kitu kisichokuwepo, hakuna anayemtazama mwenzake.

Dereva alishusha ubavu wa kamio bila kuambiwa na mtu. Hakuna mbwa aliyeshuka.

"Ni tiyo, bomba ya maji," Zéphirin alisema. "Tiyo inagonga."

"Tiyo gani?" Benoît alijibu, ngumi zake bado zimefumba. "Avenyu hii ina maji tangu lini?"

Ni Mado aliyemwendea Zéphirin na kulikamata lile shati la pasi kifuani.

"Ulikuwa juu. Kamba ilikuwa na weye. Ulisikia anapiga."

"Mvua ilinyesha." Sauti yake sasa ilikuwa ndogo, karibu ya mtoto. "Shimo ilianguka kule ndani. Kama ningeita bantu, leta ingekuya, ingenyanganya paseli. Bibi yangu alikuwa anazaa, Mama Mado. Mutoto wangu alikuwa anazaliwa."

"Nauliza: alikuwa anapiga?"

"Nikamwaga beto, simenti na mchanga." Zéphirin alilia bila kujifunika uso. "Nikamwaga beto mpaka akanyamaza."

"Hakunyamaza," Mado alisema, akamwachia.

Ndipo mlango wa nyumba ulipofunguka. Adèle alitoka hadi barazani, peku, na miguu yake ilikuwa myeusi mpaka vifundoni, na aliponyanyua unyayo, unyayo uliacha matope yanayotoa mvuke juani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka juu ya kichwa, ngumi imefumba, na ukivutwavutwa, ingawa juu yake palikuwa na anga tupu. Macho yake yalikuwa wazi. Hayakumwona Mado, hayakumwona shefu, hayakuuona umati uliorudi nyuma mpaka kwenye magurudumu ya kamio.

Sauti iliyomtoka haikuwa yake. Ilikuwa ya kijana wa kiume, kijana wa kule Musumba, aliyelelewa kusema na wakubwa kwa heshima. Haikuwa na hasira hata kidogo.

"Tata Zéphirin. Kamba uko nayo weye. Univute."