Abiria wa Kiti cha Katikati

Kengele ya mkanda wa usalama ilianza kulia mara tu walipoondoka kwenye maporomoko ya maji. Harrison alitazama taa ndogo kwenye dashibodi. Ilionyesha kiti cha nyuma, cha katikati, na hapo hapakuwa na mtu. Alidhani ni ubovu wa gari la kukodi, akaendelea kuendesha.

Harrison alikuwa mlinzi katika jengo moja la ofisi kule Jumeirah Lake Towers. Mkewe, Teresiah, alikaa kando yake. Nyuma alikaa Mawadda, mama wa makamo aliyezaliwa Dubai kwa wazazi kutoka Unguja, msimamizi wa Teresiah mgahawani. Ndiye aliyewaambia kwamba joto likipungua, mwezi wa Novemba, watu huenda milimani kupita Hatta kutazama maji. Harrison alikubali upesi. Tangu walipompoteza mtoto, akiwa bado tumboni lakini ameshaanza kucheza, Teresiah alikuwa akienda kazini na kurudi bila kusema neno.

Na kule kwenye maji alichangamka kweli. Alivua viatu, akaingia kwenye bwawa lililo chini ya maporomoko hadi magotini, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza. Kisha akasema polepole, "Naam. Nakuja." Harrison alidhani anamjibu Mawadda. Mawadda alidhani anamjibu mumewe.

Sasa kengele haikunyamaza. Mawadda aliuvuta mkanda wa kile kiti kitupu, akaufunga, na gari likawa kimya. Baadaye kidogo aliutupia jicho. Mkanda haukuwa umelegea. Ulikuwa umekaza juu ya kiti, ukipanda na kushuka taratibu.

Alisogea hadi bega lake likagusa mlango, akaanza kusoma Ayatul Kursi moyoni.

Njia ilikuwa ya kokoto, imebanwa na kuta za miamba pande zote mbili. Walipita jiwe kubwa lililopakwa rangi nyekundu, wakapita zizi la mbuzi lisilo na mbuzi, wakakata kona, na mbele yao maji yalikuwa yakiporomoka. Lilikuwa bwawa lile lile. Harrison alisema lazima alikosea njia, akageuza. Jiwe jekundu, zizi, kona, na maji yakawa mbele yao tena, na safari hii aligeuza gari akakanyaga mafuta hadi kokoto zikagonga chini ya miguu yao, huku vioo vikianza kufanya ukungu kwa ndani, na harufu ya maziwa yaliyolala ikijaa garini, nzito, ya uvuguvugu, na alipofika kwenye maji kwa mara nyingine akazima injini ashuke atafute njia kwa miguu, lakini mlango wake haukufunguka, wala wa Teresiah, wala wa Mawadda, na vioo havikushuka, na katikati ya pumzi zao tatu kulikuwa na pumzi ya nne, fupi fupi, ya kitu kidogo.

"Teresiah," Mawadda alinong'ona, "kule majini ulimwitikia nani?"

Teresiah hakugeuka. Alikuwa akilia bila sauti. Akasema alimsikia mtoto nyuma ya maji, akimwita mama.

Mawadda alimweleza kwa upole kwamba yule si mtoto. Angekuwa amejipandia mwenyewe, kisomo kingemshusha. "Lakini huyu kaitikiwa, mwanangu. Hashuki mpaka wewe mwenyewe umkatae."

"Amenishika shingo," Teresiah alisema. "Mkono wake ni mdogo sana."

Harrison alimtazama mkewe, asione mkono wowote. Aliona tu ngozi ya shingo ikibonyea mahali pembamba, kama panaposhikwa na vidole. "Sema, Tere," alimsihi. "Tafadhali sema, twende nyumbani."

Teresiah aliipapasa shingo yake. Mwanga ulikuwa umeanza kupanda juu ya miamba na kuwaacha kivulini. Mwishowe akafumba macho.

"Wewe si wangu," akasema. "Shuka."

Mkanda ulifunguka wenyewe. Mlango wa Harrison ukaachia. Aliwasha gari, na baada ya zizi kulikuwa na lami, magari ya watu, na simu zao zikaanza kuita. Harrison hakusimama hadi Dubai.

Wiki zilizofuata Teresiah alipona. Alicheka na wateja, alikula, Harrison akawa anampigia Mawadda simu kumshukuru. Asubuhi moja Mawadda alifika kazini mapema, akamkuta Teresiah amesimama peke yake nyuma ya kaunta, ameinama kidogo, akijitikisa huku na huku, mikono imerudi nyuma kiunoni kama wafanyavyo wenye kubeba mgongoni. Mgongoni hapakuwa na kitu.

"Teresiah," Mawadda aliita. "Si ulimkataa?"

Teresiah alimgeukia akitabasamu, akaweka kidole mdomoni.

"Nilisema kwa mdomo tu, mama. Ongea polepole. Ndiyo kwanza amelala."