Mwenye Maslahi Asimame

Foleni ya dirisha la leseni siku ile ilikuwa imetoka mlangoni, imeshuka ngazi, na imebaki kidogo tu iombe njia barabarani. Watu wamebanana, makaratasi yamegeuzwa vipepeo, na kila mtu anamnong'oneza mwenzake kwamba karani ameenda kunywa chai. Katikati ya msongamano huo akapita dada mmoja, gauni la kijani limemkaa sawasawa, viatu vya chini, na ramani ndefu iliyoviringishwa kwapani. Alikuwa anakwenda zake ofisini kama kawaida ya kila asubuhi.

"Dada!" sauti ikamdaka. "Samahani dada yangu, mkia wa foleni uko kule nje."

Akageuka. Aliyesema alikuwa kaka mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, ila nywele zake zimenasa vipande vya sponji kama mtu aliyelalia godoro lililopasuka.

"Unanisema mimi?"

"Nakuambia kwa mapenzi tu. Hawa watu wana njaa. Wakiona unapenya wataitafuna hiyo ramani yako."

Sasa huyo dada alikuwa afisa mipango miji wa manispaa hiyohiyo. Angeweza kumwonyesha kitambulisho, mambo yakaisha. Lakini sijui alipatwa na nini siku hiyo, akajikuta anauliza kwa upole, "Basi nisimame wapi?"

"Simama hapa nyuma yangu. Wakiuliza, nitasema nilikutuma maji."

Akasimama. Jamani, mtu mzima na kazi zake zinamngoja, akasimama! Wakapiga soga mpaka dirishani, na karani aliporudi na kumwona nusura aangushe mhuri. "Ramani! Unapanga foleni kwenye ofisi yako mwenyewe?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Ramani ndilo jina walilompa wenzake kazini, maana hakuonekana bila ramani. Kaka wa watu akajishika kichwa. "Kumbe ndiye mwenye nyumba! Dada, nisamehe."

"Nakusamehe. Lakini hayo maji uliyonituma, nenda kayalete mwenyewe."

Akayaleta kweli, na namba ya simu juu yake.

Alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilikuwa banda la kupanga nyuma ya soko, na Ramani alipofika mara ya kwanza alimkuta amepiga magoti mbele ya kochi lililovuliwa nguo, kinyundo mkononi, misumari imejaa mdomoni. Ndivyo alivyofanya kazi, na ndivyo alivyopokea simu pia.

"Mmh," angesema.

"Fundi, toa misumari ndipo uniitikie."

"Mmh-mmh." Kisha angeitema kiganjani. "Nieleze, kipenzi. Leo umegawa mji kwa nani?"

Naye Ramani humweleza. Anamweleza jinsi mji wao mdogo ulivyopakwa rangi kwenye ramani: njano ni makazi, nyekundu ni biashara, zambarau ni viwanda, kijani ni bustani. Mtu akitaka kufungua duka au karakana penye njano, sharti aombe kubadilisha matumizi ya kiwanja chake. Bango linawekwa getini, majirani wenye pingamizi wanasema yao, afisa anaeleza, kamati inaamua.

"Na moyo wangu umeupaka rangi gani?" Fundi akamchokoza siku moja.

"Moyo wako ni eneo la wazi. Kila mtu anakatiza."

"Aa, mama! Basi weka uzio."

"Uzio unaombewa kibali," akajibu, akacheka mpaka akasahau chai yake.

Walipendana, wala tusizunguke. Jumamosi walikaa kwenye bustani ya manispaa, yeye na kitabu chake, Fundi na vipande vya vitambaa akimwuliza kipi kinafaa. Ofisini hakuna aliyejua, na Ramani hakusema, kwa sababu hakujua aseme nini. Fundi alimwita mpenzi, alimwita laazizi, alimwita kila jina tamu linalopatikana, lakini neno la ndoa hakuwahi kulitaja. Na Ramani alikuwa amefika ule umri ambao shangazi wakikusalimia wanaangalia kwanza kidole.

Ndipo mwenye banda akatangaza kwamba anajenga ghorofa, wapangaji wote watafute pa kwenda. Jioni moja Fundi akapiga simu, sauti imejaa furaha.

"Laazizi, nimepata pa kuhamia! Ile nyumba aliyoniachia mama. Nitavunja ukuta kati ya vyumba viwili, nipate karakana. Ombi la kubadilisha matumizi nimeshaliwasilisha leo. Linakuja mezani kwako!"

Ramani akakaa kitako. "Umefanya nini?"

"Nilitaka nikushtukize. Hufurahi?"

Hakufurahi hata kidogo. Kanuni ya kazi yake aliijua kama jina lake: afisa mwenye uhusiano na mwombaji hulitamka hilo mbele ya kamati, kisha hutoka nje na hasemi neno. Mwenzake wa ofisini alikuwa masomoni, kwa hiyo akitoka yeye hakuna mwingine wa kulitetea ombi. Na ombi lenyewe lilikuwa linateteka vizuri kabisa, maana mtaa ule ulipakana na barabara kuu, na karakana ndogo ingeweza kuruhusiwa kwa masharti. Lakini kilichomsumbua kilikuwa kingine. Ili atamke uhusiano, alihitaji kujua ni uhusiano gani. Amuulize mwanamume, hivi mimi ni nani wako? Afadhali aume ulimi.

"Fundi," akasema, "kuanzia leo usinipigie mpaka kikao kipite. Wala bustanini tusionekane."

Fundi akauliza polepole: "Unaona aibu kujulikana na fundi makochi?"

Kila jibu lililomjia Ramani lilimpeleka kwenye lile swali.

"Basi nimeelewa," Fundi akasema. "Usiku mwema, Afisa." Hakuwahi kumwita hivyo kabla. Neno hilo lilimchoma Ramani kuliko tusi.

Wiki zikapita. Simu ya Ramani ikawa inaita, kumbe ni dada yake. Dada huyo alikuwa mtu wa kunyoosha maneno kama anavyonyoosha nguo.

"Hebu nikuelewe," akasema. "Unataka kusimama mbele ya wazee wa kamati umtangaze mwanamume ambaye hajaja hata kujitambulisha nyumbani?"

"Ndiyo kanuni, dada."

"Na yeye akisema, jamani, huyu ni rafiki tu? Utaiweka wapi sura yako? Mji wenyewe kiganja, kila mtu anakujua."

"Najua."

"Basi nyamaza, umtetee, apate karakana yake. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Dada akavuta pumzi ndefu. "Mdogo wangu, wewe na hiyo kazi yako mtaniua. Haya, vaa vizuri basi. Ukiaibika, aibika umependeza."

Akavaa gauni la bluu bahari lenye mikono mirefu, akasuka nywele upya. Ukumbi wa kikao ulikuwa mdogo, dari chini, feni inazunguka kwa kujilazimisha. Wajumbe walizunguka meza, Mwenyekiti mbele, mzee mwenye miwani inayoteleza mpaka puani, na Katibu kando yake anaandika kumbukumbu. Benchi la ukutani walikaa waombaji na wenye pingamizi. Fundi alikuwa pale ndani ya suti ya kijivu, macho sakafuni. Pembeni yake alikaa jirani yake, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mwalimu, amekumbatia mkoba tayari kupinga.

Ombi la Fundi likasomwa. Mwenyekiti akasema kama alivyosema kabla ya kila ajenda, kwa sauti ya mtu anayesoma bila kusikia anachosoma: "Mwenye maslahi asimame." Tangu aanze kuongoza kamati hiyo hajawahi kuona mtu akisimama, kwa hiyo alikuwa ameshafungua ukurasa unaofuata.

Ramani akasimama.

"Kaa kwanza, binti yangu. Maelezo yako bado."

"Sikusimama kwa maelezo, Mzee Mwenyekiti. Nina maslahi."

Miwani ikasukumwa juu. "Una kiwanja mtaa huo?"

"Sina."

"Mwombaji ni ndugu yako?"

"Si ndugu yangu."

"Mna biashara pamoja?"

"Hatuna."

"Sasa maslahi gani hayo?"

Ramani hakuthubutu kutazama benchi. "Nampenda," akasema.

Nyie! Mjumbe mmoja akakohoa kikohozi cha kutafuta msaada. Katibu, ambaye duniani alijali kumbukumbu zake tu, akainua kalamu.

"Mzee, hapa niandike nini? Nampenda si uhusiano. Uhusiano lazima uwe na jina."

"Binti, unaitwaje huo uhusiano wenu?"

Hilo ndilo swali alilolikimbia wiki zote zile, na sasa aliulizwa mbele ya kadamnasi. Machozi yakamlenga. "Sijui, Mzee."

"Sijui haiandikwi," Katibu akasema.

"Andika mchumba."

Sauti ilitoka ukutani. Fundi alikuwa amesimama, suti imemkunjamana magotini, anamtazama Ramani kana kwamba ndani ya ukumbi hakuna mwingine.

Mwenyekiti akaweka karatasi chini. "Mwombaji amejibu kabla hajaulizwa. Binti, ni kweli wewe ni mchumba wake?"

"Mzee, mimi mwenyewe ndiyo kwanza nasikia hapa."

Wajumbe wakacheka mpaka meza ikatikisika. Hata Mama Mwalimu alificha mdomo kwa mkoba wake.

"Tulieni, tulieni! Sasa wewe unasemaje? Hapa tunapokea na pingamizi."

Ramani akamtazama Fundi. Mikono ya kaka wa watu, iliyozoea kupiga nyundo siku nzima, ilikuwa inafunga na kufungua kifungo kimoja cha koti.

"Sina pingamizi," akasema.

"Katibu, andika mchumba. Hongereni sana." Kisha mzee akarudisha uso wa kazi. "Na kwa kuwa maslahi yametajwa, kanuni ni ile ile. Afisa, toka nje."

Akatoka. Mlango ukafungwa, akabaki kwenye korido na furaha iliyochanganyika na hofu hata hajui aanze na ipi. Kupitia ubao wa mlango alisikia sauti ya Mama Mwalimu ikipanda na kushuka, nyundo, nyundo, usingizi wangu wa mchana, nyundo. Hoja zote za kumjibu alikuwa nazo kichwani, zimepangwa vizuri, na hakuna aliyezisema. Alisimama pale mikono mitupu, akimsikia mwanamume wake akijieleza vibaya, akichanganya barabara na masharti, mpaka sauti yake ikaisha.

Mlango ulipofunguliwa Fundi alitoka peke yake.

"Wamekataa," akasema.

Ramani akajifunika uso. "Ni mimi. Ningenyamaza ningekutetea, ungepata."

"Ningepata." Hakumficha. "Na nimeumia, mpenzi, sitakudanganya. Nilishaona kabisa meza yangu itakaa wapi. Sasa nitapanga banda kule kwenye viwanda, nitaamka na jogoo." Akamshika mikono, akaitoa usoni. "Lakini wiki zote hizi nilijua unanionea aibu. Nilikuja hapa nimejiandaa unitazame kama hunijui. Halafu ukasimama, ukasema vile, mbele ya wale wazee!"

"Na mimi nilijua hutasema kitu."

"Niliogopa. Wewe una ofisi, mimi nina misumari mdomoni. Nilisema nipate kwanza karakana nzuri, ndipo nije kwenu na maneno."

"Na karakana umekosa."

"Nimekosa. Lakini maneno nimeshasema, yameandikwa, na Katibu hafuti." Akacheka kidogo, na Ramani naye akacheka kwenye machozi. "Kwa hiyo kile kiwanja kimebaki cha nini, hebu nikumbushe?"

"Makazi."

"Makazi maana yake watu wakae. Nina vyumba viwili sitavivunja tena, na mtu wa kukaa ni mimi peke yangu. Twende ukavione."

"Mimi siruhusiwi tena kukanyaga pale kikazi."

"Afisa wamemtoa nje, nimesikia. Mimi naongea na mchumba."

Ramani akajipangusa uso kwa kiganja, akampa mkono, wakashuka ngazi pamoja kwenda kuitazama nyumba.