Ruka Kwanza, Ndipo Uhesabu

Kila asubuhi, kabla ya kukanyaga cherehani, Fundi hufumba macho. "Ee Mungu, ibariki mikono hii," husema. Kisha kazi huanza. Mkewe hupiga pasi. Mama yake mzee hukaa kwenye jamvi akikata nyuzi zilizobaki kwenye nguo. Binti yao wa miaka minne huzunguka katikati yao akiuliza maswali.

"Baba, sindano ina jicho. Mbona haioni?"

"Nipishe, Kasuku," Fundi hujibu akicheka.

Kila mtu alimwita Kasuku, kwa wingi wa maneno yake.

Kasuku alikuwa anakaribia kuanza chekechea. Fundi mwenyewe alichelewa kusoma. Alizijua herufi akiwa mtu mzima, katika darasa la jioni. Hakutaka binti yake achelewe. Akamnunulia mchezo wa ubao. Ubao ulikuwa na njia ya nyumba ndogo za rangi. Unarusha dadu, unahesabu nukta zake, kisha unasogeza kete yako nyumba kwa nyumba. Anayefika kwanza mwisho wa njia ameshinda.

Jioni ya kwanza Kasuku alirusha dadu, akapata tatu. Kete yake ilikuwa juu ya nyumba nyekundu. Akaigusa nyumba hiyohiyo. "Moja." Akasogea. "Mbili." Akasogea tena. "Tatu!"

"Umekosea," Fundi akasema. "Rudi mwanzo."

Vijana aliowafundisha kushona waliijua sheria hiyo. Mshono ukienda upande, Fundi hakuwa na maneno mengi. "Fumua, anza upya." Yeye naye alifundishwa hivyo, akawa fundi mzuri. Aliona na mtoto atafunzwa vivyo hivyo.

Kasuku akaanza upya. Akakosea vilevile. "Rudi mwanzo." Ikawa hivyo jioni baada ya jioni. Kasuku akirusha dadu, aliutazama uso wa baba yake, si dadu. Baadaye akaacha kuhesabu kwa sauti. Ubao ukitolewa, alijifanya amelala. Mwishowe hata maswali ya asubuhi yakaisha. Alipita mbali na cherehani, kimya.

"Baba Kasuku, mtoto anakuogopa," mkewe alimwambia.

"Ananiogopa? Nimempiga lini?"

"Hujampiga. Lakini leo nimepiga magoti kumwomba Mungu anirudishie sauti ya mwanangu. Na mtoto mwenyewe haumwi popote."

Fundi akainamia cherehani yake. Maneno yale yalimchoma.

Kesho yake alikuja jirani yao, mwalimu wa chekechea, kujaribu gauni lake. Mama Kasuku akamweleza yote. Kasuku alikuwa amejificha nyuma ya bibi yake.

"Mwacheni apumzike," Mwalimu alisema. "Leo tucheze sisi wakubwa."

"Na mimi nimo!" Bibi akaitika. "Ila sheria iwe ileile ya mwanangu. Anayekosea, mwanzo!"

Wakacheza. Fundi aliwaacha mbali. Alibakiza nyumba chache tu kufika. Akarusha, akapata nne, akasogeza kete haraka haraka nyumba tano.

Bibi akapiga makofi. "Umeiba nyumba! Fumua! Anza upya!"

"Mama, mkono umeteleza tu."

"Na mjukuu wangu aliteleza. Fumua, fundi mkuu!"

Mkewe alicheka hadi akaweka pasi chini. Fundi akairudisha kete mwanzo. Masikio yalimwaka moto. Hakutaka tena kucheza. Ndipo akamwona Kasuku akichungulia.

"Wewe nawe hujisikia hivi?" akamuuliza.

Kasuku akatikisa kichwa kukubali.

Mwalimu akauliza, "Mtoto hukosea vipi?" Fundi akamwonyesha.

"Basi huyu anajua kuhesabu," Mwalimu alisema. "Shida ni kwamba anaanzia nyumba aliyosimama. Watoto wengi wa umri wake hufanya hivyo. Kwake ile ni nyumba yake. Ataiachaje nje ya hesabu?"

"Hata mimi nisingeiacha," Bibi akadakia.

"Sasa nifanyeje?" Fundi akauliza.

"Zamu yako ikifika, inua kete, sema 'ruka'. Ishushe nyumba inayofuata, ndipo useme 'moja'. Yeye atakuona. Akikosea, mwambie, 'Hebu turuke pamoja.' Asirudi mwanzo. Nguo ukiifumua haioni haya, Fundi. Mtoto huona."

Akaendelea taratibu. "Na mzungumze mkicheza. Nani yuko mbele? Hiyo rangi gani? Zimebaki nyumba ngapi? Akichoka, fungeni ubao. Wala msimwachie ashinde kila siku. Kusubiri zamu na kukubali kushindwa navyo ni masomo."

"Dada yangu ana watoto, lakini hana ubao," Mama Kasuku alisema.

"Achore njia kwenye kadibodi. Vifungo vikubwa vya koti viwe kete. Vidogo asiwape, wasije wakameza."

Jioni ile Fundi aliomba tofauti. "Ee Mungu, mikono umeibariki. Sasa ubariki ulimi wangu."

Hakumwita Kasuku. Alitandika ubao, akacheza na mama yake. "Ruka, moja. Ruka, mbili."

"Mke mwenzangu!" Bibi akamwita mjukuu wake. "Njoo unisaidie, baba yako ananimaliza!"

Kasuku akaja polepole. Akaketi kwenye mapaja ya bibi yake, akarusha dadu. Akaigusa nyumba aliyosimama. "Moja..." Akamtazama baba yake.

Neno lilimfika Fundi kwenye meno. Akalimeza.

"Hebu turuke pamoja," akasema.

Kasuku hakusogea. Kisha, kwa sauti ndogo sana, akasema, "Ruka... moja."

"Ruka," baba yake akafuatisha.

"Mbili!"

Haikuwa kazi ya siku moja. Siku nyingine Kasuku alisahau, wakaruka pamoja tena. Lakini sauti ilirudi, na maswali yakarudi nayo. Alipoanza chekechea, Mwalimu alimsikia akiwafundisha wenzake, "Ruka kwanza, ndipo uhesabu!"

Alasiri moja Fundi alikuwa akishona. Kasuku akaingia na ubao kwapani.

"Baba, simamisha cherehani. Njoo tucheze."

Fundi akaacha mshono katikati, akaketi chini. Walicheza wawili peke yao. Kasuku alikaa karibu, goti lake likigusa la baba yake. Alihesabu kwa sauti hadi nyumba ya mwisho, akashinda. Fundi alikuwa bado mbali. Kasuku akamtazama kwa huruma, akampa dadu mkononi.

"Rusha, Baba. Usiwe na haraka. Mimi nakusubiri."