Mchicha Uliopuliziwa Dawa

Kila siku alfajiri, kabla ya kuvaa sare za shule, Chiriku alichota ndoo mbili za maji na kumwagilia bustani ya nyuma ya nyumba. Alianza na tuta la mchicha, kisha la nyanya. Akimaliza aliiegemeza ndoo ukutani, akanawa miguu, akaenda zake. Ukimuuliza mboga zinaendeleaje, alijibu neno moja tu: "Zipo."

Jina la utani la Chiriku, ndege asiyekoma kulia, alipewa na mama yake, maana alianza kusema kabla hajaota meno ya kutosha, na hakunyamaza tena. Lakini mama alifariki wakati wa mvua za mwaka uliopita, na tangu hapo Chiriku alisema yale ya lazima tu. Msibani hakulia. Majirani walinong'ona kwamba mtoto yule ana moyo mgumu. Haukuwa mgumu. Ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Baba yake alikuwa dereva wa lori, nyumbani akionekana mara mbili kwa mwezi. Kwa hiyo shangazi yake, fundi cherehani, alihamia pale na cherehani yake ili amlee yeye na mdogo wake wa miaka minne, aliyeitwa Kitinda. Mtoto huyo alikuwa amepungukiwa damu, na muuguzi wa zahanati alisema asikose mboga za majani hata siku moja.

Shangazi aliijua bustani kama alivyojua sindano. Kiangazi kile alimfundisha Chiriku kutandaza majani makavu juu ya matuta ili udongo usikauke, na kumwagilia asubuhi na jioni.

"Ukimwagilia saa sita mchana unalinywesha jua, mwanangu. Mboga haipati kitu."

"Ndiyo, shangazi," aliitikia Chiriku, akafanya alivyoambiwa, bila kuuliza lolote.

Siku moja wadudu wadogo weusi walijaa chini ya majani ya mchicha. Shangazi alikoroga sabuni kidogo kwenye maji, akampa kitambaa.

"Wafute jani moja moja, juu na chini. Kazi ya kuchosha, lakini haimdhuru mtu."

Chiriku alifuta mstari mmoja, akaketi. Majani yalikuwa mengi na hakuona kwa nini ajisumbue. Stoo kulikuwa na chupa ya dawa ya wadudu, aliyoiacha baba. Juu yake paliandikwa: "Usivune kabla ya siku kumi na nne." Aliyasoma maneno hayo kama mtu anayesoma tangazo la mji asioishi. Akachanganya dawa, akapuliza tuta zima.

Jioni shangazi alikagua. Hapakuwa na mdudu hata wa dawa.

"Umewafuta wote?"

"Ndiyo, shangazi."

"Hongera! Hiyo ni mikono ya mama yako kabisa."

Chiriku alitazama mikono yake, akaificha mgongoni.

Siku ya tatu alirudi kutoka shuleni akakuta harufu ya vitunguu jikoni. Kitinda alikuwa mkekani, sahani mbele yake, mdomo umejaa. Chiriku aliona majani ya mchicha kwenye kijiko. Alisimama mlangoni na mkoba mgongoni, akafikiri, kwa utulivu uliomtisha baadaye: nikinyamaza, hakuna atakayejua. Kijiko kikapanda tena.

"Asile!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotarajia. "Shangazi, mnyang'anye!"

"Una nini wewe?"

"Nilipuliza dawa. Ile ya kwenye chupa. Juzi. Sikuwafuta, nilikudanganya."

Shangazi hakupoteza muda kugomba. Alimfuta Kitinda mdomo, akambeba mgongoni, akasema, "Lete hiyo chupa. Haraka!"

Kule zahanati muuguzi aliisoma chupa, akampima mtoto, akamlaza kitandani.

"Mmefanya vizuri kuja nayo, nimejua ninachokiangalia. Amekula kidogo. Atakaa hapa hadi jioni tumtazame."

Chiriku alikaa kwenye benchi. Saa ziliburuta miguu. Jua lilipokuwa linashuka, Kitinda aliamka na kudai biskuti, muuguzi akacheka na kuwaruhusu. Hapo ndipo Chiriku alipouinamisha uso magotini. Akalia, kilio cha mwaka mzima, huku shangazi amemshika bega bila kumwambia anyamaze.

Kesho yake waling'oa mchicha wote na kuufukia mbali. Mvua zilipokaribia waliinua matuta na kuchimba mifereji, maji yasituame na kuozesha mizizi. Pale penye nyanya walipanda maharage, kwa sababu zao moja likikaa mahali pamoja kila msimu huchosha udongo na kukaribisha magonjwa. Baridi ilipoingia walisia spinachi na karoti. Chiriku hakuwa amerudia uchangamfu wake wa zamani. Kuna siku alishinda bila kusema. Lakini wadudu aliwafuta kwa kitambaa, hadi jani la mwisho.

Asubuhi moja alimfuata shangazi kwenye cherehani, bila kuitwa.

"Shangazi, uliniambia nipunguze miche ya karoti ikifika urefu wa kidole. Nilisema nimepunguza. Sikupunguza. Sasa zimebanana, nadhani zitakuwa nyembamba kama njiti."

Shangazi aliacha kukanyaga. Akakata uzi, akamtazama vizuri.

"Hilo tutalirekebisha sasa hivi, zipo zitakazonenepa," alisema, akiinuka. "Sikiliza, mwanangu. Bustani inamsamehe mvivu, maana msimu mwingine upo. Lakini mdanganyifu anawalisha wenzake kitu ambacho hata yeye hajui mwisho wake. Kosa likisemwa chungu kikiwa bado jikoni, tunamwaga mboga. Likisemwa watu wameshakula, tunamwaga machozi. Siku ile ulichelewa kidogo, ila ulisema. Leo umewahi. Endelea hivyo hivyo."

Wakatoka pamoja, wakachuchumaa kila mtu upande wake wa tuta, wakaanza kung'oa.