Uji wa Kofia

Bramwel alimimina uji wa mwisho kwenye kifuu cha mbwa, akakung'uta mfuko wa unga, ukatoa vumbi tu. Jua lilikuwa linazama na kafyu ilikuwa inakaribia. Akaning'iniza barakoa yake chini ya kidevu, kama ilivyovaliwa mtaa mzima, akamwambia mbwa, "Kofia, nafika dukani kwa Kadzo mara moja. Linda nyumba."

Nyumba yenyewe ilikuwa hema. Lilisimama kwenye kiwanja kilichoachwa huko Utange, Kisauni, Mombasa, mwisho kabisa, pale nyumba zinapokwisha na mikoko inapoanza.

Mkewe, Rosalia, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na baada ya matanga Bramwel alimwacha binti yao Mercyline kwa nyanya yake, Webuye. Akafunga hema na sufuria kwenye pikipiki, akampakia Kofia ndani ya kreti, akaondoka. Aliaga kwamba anakwenda kuitembea nchi. Ukweli ni kwamba kitanda kile kilimshinda kukilalia peke yake. Alipiga kambi Narok, akapiga Loitoktok, akapiga Voi, mbwa miguuni pake, na kila jioni mtoto aliuliza kwenye simu, "Baba, unarudi lini?" naye akajibu, "Bado kidogo tu, mama."

Hiyo bado kidogo ndiyo iliyomponza. Corona iliingia akiwa amefika Mombasa, mipaka ya kaunti ikafungwa. Kwenye daraja la Mtwapa askari walimrudisha. Alipogeuza kurudi bara, Mazeras nako wakamrudisha. Sasa ndipo alipomtaka mtoto wake kwa moyo wote, na sasa ndipo njia ilipokuwa haipo. Chumba hakupata. Nani angempokea mgeni wa mbali, tena na mbwa, wakati watu waliogopa hata kupeana mikono? Kadzo muuza unga alimhurumia, akamwonyesha kiwanja kwa kidole, amesimama mbali. Alimpa sharti moja, mbwa afungwe asimmalizie kuku.

Na kamba ilipata pa kufungwa. Kando ya hema, ndani ya majani, palikuwa na kigingi kikuukuu cha mti mgumu, kimeshikwa na ardhi barabara. Chini yake palikuwa na kifuu cha nazi kilichozikwa nusu, mdomo juu. Bramwel akaona bahati imemwangukia. Kigingi bure, na bakuli bure! Kila jioni akapika uji, akaumimina humo. Na kwa vile kimya cha pale kilikuwa kinamla, alisema kwa sauti maneno ambayo mama yake huyasema kule Webuye chakula kinapoiva.

"Karibuni wote. Chakula hakina mwenyewe."

Wote akina nani, ewe Bramwel? Si mlikuwa wawili tu?

Dukani, Kadzo alimpitishia unga kwenye nafasi ya wavu.

"Kaka, yule mbwa mbona kakonda vile? Mwanangu Kenga kamwona jana, asema ni mbavu tupu."

"Hata mimi nashangaa, dada. Na anakula! Kila asubuhi nakuta kifuu kimekombwa, cheupe."

Kadzo akaacha kuhesabu chenji.

"Kifuu kipi?"

Gari la polisi likasikika barabarani. Watu wakaanza kukimbia huku na huku, milango ikafungwa kwa kishindo. "Kaka, ngoja, kifuu kipi?" Kadzo alipaza sauti, lakini Bramwel alikuwa ameshachepuka kwenye kichochoro na unga wake kwapani.

Alipokaribia hema, harufu ilimfikia kwanza. Tembo la mnazi lililolala... na ugoro.

Halafu sauti.

Nyap... nyap... nyap...

Ulimi ukikomba uji. Bramwel akatabasamu gizani. Kumbe bwana mkubwa anakula vizuri, watu wanamsingizia tu. Akawasha tochi ya simu.

Kofia alikuwa mwisho wa kamba, upande wa pili kabisa. Kamba ilikuwa imekaza mpaka inamkaba shingo. Alikuwa amekipa kigingi mgongo, anatetemeka, anamtazama bosi wake, na alikuwa amefumba mdomo.

Nyap... nyap...

Kwenye kifuu hapakuwa na mtu.

Lakini uji ulikuwa unapungua.

Sauti ikanyamaza. Kisha mtu akasema, taratibu, karibu sana na sikio lake, bila pumzi yoyote:

"Uji wa leo mwepesi, baba."

Hakumbuki alivyoifungua kamba. Usiku ule alilala amemkumbatia mbwa ndani ya hema, zipu imefungwa mpaka chini, na nje watu wakanong'ona na kucheka kidogo kidogo, kama jamaa wanaosubiri chakula kiive.

Asubuhi Kadzo alifika. Alivua ndara, akasimama nje ya majani, hakuyakanyaga. Bramwel akamsimulia ya usiku.

"Zile ni koma, kaka. Wazee waliokufa. Hapa palikuwa mji, boma la mzee Changawa. Wanawe waliuza mashamba wakatawanyika, na huu mwaka wa ngapi sijui, hakuna aliyewamiminia hata maji. Ni kosa langu, sikujua kama kigingi chao na kifuu chao cha sadaka bado vipo."

"Mimi nilikuwa namlisha mbwa tu, dada."

"Kwani ulisemaje ukimimina?"

Bramwel akamwambia. Kadzo akafumba macho.

"Basi umewaita kwa kinywa chako, wakaja. Sasa mwenye mji ni wewe. Usiache kuwapa."

"Na njia zikifunguliwa? Nina mtoto, dada. Nina mtoto ananingoja!"

"Mwenye mji haondoki hivi hivi. Huacha mtu."

Tangu siku hiyo akawapa. Alipika uji mzito, akamimina bila kusema neno, akajifungia. Akamlisha Kofia kwa mkono, ndani ya hema, na mbwa akaanza kurudisha mwili. Wakati mwingine, na hili Bramwel hakumwambia mtu, ile minong'ono ilimliwaza. Alikuwa mpweke kiasi hicho.

Kisha siku moja redio ya dukani ikatangaza kwamba mipaka imefunguliwa. Bramwel alilia mbele ya watu, akampigia Mercyline. "Nakuja, mama. Kesho naanza safari." Jioni akafunga mizigo, akamimina uji wa mwisho, na safari hii akanong'ona, "Wazee, naomba ruhusa. Nakwenda kwa mwanangu."

Kisha, kutoka chini, kwenye kifuu:

"Unatuachia nani?"

Wallahi, Bramwel hakufungua mdomo. Ila macho yake, yenyewe, yalimwangalia Kofia. Mara moja tu. Akayarudisha upesi, lakini tayari yalikuwa yamekwenda.

Asubuhi mbwa hakuwa hemani. Alikuwa amelala kando ya kigingi, bila kamba, kidevu juu ya kifuu. Bramwel akamwita. Akampigia mluzi. Akapiga magoti akamwita kwa yale majina ya kipuuzi aliyompa akingali kijibwa. Kofia hakugeuza hata sikio. Bramwel aliwasha pikipiki, na mpaka anapita Mazeras kreti tupu ilikuwa inagonga nyuma yake. Alimsaliti mwenzake wa pekee, na alijua.

Alipofika Webuye, Mercyline alimrukia shingoni, akachungulia kreti. "Kofia yuko wapi?"

"Amebaki kwa shangazi mmoja, Mombasa. Anamsaidia kulinda."

Jioni ile Bramwel alijitenga nyuma ya nyumba akampigia Kadzo.

"Yupo, kaka," Kadzo alisema. "Kanenepa. Nimetoka kumwona sasa hivi, habanduki pale. Lakini kifuu kimejaa leo. Kenga kamimina uji, na uji umekaa vile vile, haukuguswa. Kana kwamba wenyewe hawapo."

Bramwel alirudi mbio mpaka mbele ya nyumba. Mercyline alikuwa amechutama kwenye ngazi ya jikoni, kikombe chake mkononi, anainamia giza la uani. Mbele yake, chini, uji ulikuwa umemwagwa, unapungua.

"Baba, ulinidanganya," alisema kwa furaha, bila kugeuka. "Kofia amekuja. Sikiliza anavyokunywa. Nimesema tu karibuni wote, kama nyanya... na amekuja na wageni wengi."