Mgeni wa Kordoba

Wali ulikuwa umeliwa upande ambapo hapakuketi mtu.

Hinda aliliona jambo hilo mchana wa Ijumaa, siku chache baada ya yeye na mumewe kurudi Garissa kutoka Uhispania. Walikuwa wanne mkekani, chini ya feni: Bishar mumewe, Arbia binti yao aliyekuwa darasa la pili, Maano mama yake Bishar, na yeye mwenyewe. Bishar alipenda familia yake kula pamoja kwenye sinia moja, kila mtu na upande wake. Upande wa mlangoni ulikuwa wazi. Lakini walipomaliza, pale mlangoni palikuwa na shimo safi ndani ya wali, limechimbwa mpaka sinia likawa linang'aa. Vipande vya nyama ya mbuzi vilivyokuwa pale havikuwepo. Mifupa ilikuwa imepangwa kando kwa adabu.

"Nani amekula hapa?" Hinda aliuliza.

"Mkono wa Arbia huo," Bishar alisema akicheka.

"Si mimi, hooyo," mtoto alimwambia mama yake. "Mimi sifiki kule."

Maano aliitazama ile mifupa, kisha akajifunga mtandio vizuri na kuomba asaidiwe kuinuka.

Bishar alikuwa msanifu wa majengo. Tajiri mmoja wa mifugo alitaka kujenga hoteli mjini, yenye matao kama yale ya Andalusi, kule Uhispania, na Bishar akaona hawezi kuchora kitu alichokiona kwenye simu tu. Hinda naye alikuwa na mkahawa karibu na soko, na siku zote alitamani kujua watu wa huko wanakula nini. Wakaenda Kordoba wao wawili, Arbia akabaki na bibi yake.

Ulikuwa mji wa kupendeza. Vichochoro vilikuwa vyembamba hata mtu akinyoosha mikono anagusa kuta za pande zote mbili, na kuta zenyewe nyeupe, zimetundikwa vyungu vya maua. Ndani ya msikiti wa kale, ambao sasa ni kanisa, nguzo zilisimama nyingi kama miti, na juu yake matao mekundu na meupe yakifuatana mpaka macho yanachoka. Bishar alikaa shingo juu kwa muda mrefu hata mlinzi akaja kumwuliza kama anaumwa. Hinda alikula biringani zilizokaangwa na kumiminiwa asali, akala na supu baridi nzito ya nyanya na mkate, kila mara wakiomba isiwekewe nyama ya nguruwe juu. Alikuwa akifumba macho anapoonja, akipanga kichwani namna atakavyopika haya nyumbani.

Walipanga chumba katika nyumba ya zamani yenye ua wa ndani, na katikati ya ua kisima kilichofunikwa kwa chuma. Jioni ya mwisho walinunua chakula wakakileta uani. Jua la kiangazi lilikuwa bado halijazama. Hinda alipanda ngazi kuchukua shali. Aliposhuka, sahani zote zilikuwa tupu na Bishar ameketi peke yake, uso wake una furaha.

"Umemaliza vyote?"

"Nilikuwa na mgeni. Mzee mmoja mwembamba, Mwarabu nadhani, alikuwa amekaa pale kisimani. Nikamtolea salamu, akanitazama kama mtu aliyesahau namna ya kuitika. Ningekulaje na mtu anatazama? Nikamwambia njoo, chakula chetu ni chako." Bishar alitikisa kichwa. "Wallahi, Hinda, sijawahi kuona mtu mwenye njaa vile."

"Amepita wapi? Mimi sijaona mtu."

"Ameondoka tu. Nimemwambia akipita Garissa, nyumba yangu ni nyumba yake."

Wakacheka. Ni nani wa kutoka Kordoba hadi Garissa?

Baada ya Ijumaa ile, sinia lilichimbwa kila siku. Hinda alipika zaidi, na kile cha ziada kikaliwa, na bado walioketi wakainuka na njaa. Kisha ikaja harufu. Garissa ni mji wa joto, kuta zinaunguza mkono mchana kutwa, lakini pale mlangoni palinuka jiwe bichi, jiwe lisiloona jua, kama mtu aliyefunua kisima kilichosahauliwa akakuinamisha ndani. Na Hinda akiwa jikoni peke yake, akikata vitunguu, alikuwa akisikia nyuma yake sauti ya kutafuna, polepole, bila haraka, na akigeuka hapana kitu, ila kijiko ndani ya sufuria kimehama upande.

"Kuna mtu anakula kwetu," Maano alimnong'oneza. "Na mwanangu anamwona. Mtazame macho yake wakati wa chakula."

Hinda alimtazama. Kweli, Bishar alikuwa akisogeza minofu mizuri upande wa mlangoni kwa ncha za vidole, kama mwenyeji anavyomfanyia mtu wa heshima, huku akitabasamu.

Siku iliyofuata Maano alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Sinia lilipowekwa alikwenda kuketi upande ule wa mlangoni, akakunja miguu, akasema bismillah kwa sauti, akatia mkono. Bishar alipauka.

"Mama, pale pana mtu."

"Basi asogee," Maano alisema, akala.

Tangu mlo ule kikongwe huyo hakushiba tena. Alikula kama kawaida na akaendelea kukonda, mpaka pete ikamtoka kidoleni. Walimpeleka hospitali, wakampima damu, wakampiga picha za tumbo, hawakuona ugonjwa. Mchana mmoja alimvuta Hinda karibu na mdomo wake.

"Nikimeza tonge, mwanangu, kuna anayelipokea kabla halijafika. Nalisikia linavyochukuliwa. Mwondoeni mtoto kwenye sinia hilo."

Akafa kabla mwezi haujaisha. Alikuwa mwepesi hata wanawake waliomwosha walitazamana.

Baada ya matanga Hinda alimpakulia Arbia peke yake, kwenye bakuli, chumbani. Haikusaidia. Mashavu ya mtoto yalibonyea. Hinda akamkabili mumewe, naye Bishar alikuwa amesimama mlangoni akizungumza Kiarabu na hewa tupu, Kiarabu chepesi na kirefu, yeye ambaye tangu madrasa hakujua zaidi ya kusoma Kurani.

"Bishar, mama yako amekufa. Sasa ni zamu ya binti yako. Mfukuze."

"Usiongee kwa sauti, atasikia," alisema, na Hinda akaona kwamba anaogopa, kwamba ameogopa siku nyingi. "Nitamfukuzaje mgeni? Nilimkaribisha kwa mdomo wangu. Kwetu Modogashe mtu alichinja mbuzi wake wa mwisho kwa ajili ya mpita njia. Na huyu hana pa kwenda, Hinda. Hana mtu kabisa."

Hinda hakubishana. Alimpigia simu ndugu yake aliyekuwa na duka Takaba, naye akamtafutia Sheikh Nuh, mtu anayesomea wenye majini, na kumsafirisha mpaka Garissa.

Sheikh alifika baada ya alasiri. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mafua, akipenga kila mara. Aliingia, akasimama pale mlangoni, akanusa, akaomba mlango uachwe wazi. Akamketisha Bishar mkekani, akaweka kiganja kichwani pake na kuanza kusoma. Arbia alikuwa kwenye kigoda cha bibi yake, miguu yake miembamba ikining'inia, na Hinda akiwa ukutani alisikia sauti ya mumewe ikianza kuitikia kisomo, kwanza ikifuatana nacho herufi kwa herufi kama mwanafunzi mwema, kisha ikageuka kuwa sauti ya mtu mwingine, nzito, kavu, iliyozungumza Kiarabu cha zamani kwa utaratibu na bila ya hasira, na hiyo adabu yake ndiyo iliyomtoa Hinda jasho la baridi kuliko kama ingepiga kelele.

Sheikh Nuh aliacha kusoma. Akawa anamfasiria Hinda kwa kunong'ona.

"Anatoa shahada. Anasema yeye ni Mwislamu. Anasema watu wake wa mji ule waliondoka, kisima kikafunikwa, na waliokuja baadaye hawakujua kumtolea salamu. Amekaa akinusa vyakula vya wengine miaka asiyoijua. Mumeo ndiye wa kwanza kumwambia njoo."

"Mchome! Soma umchome!"

"Nimchome kwa lipi? Hakuvunja mlango, dada yangu. Alifunguliwa. Aliyemfungulia ndiye wa kumtoa." Akamtikisa Bishar mpaka macho yakarudi kuwa yake. "Ndugu yangu, sema. Kwa ulimi wako, kama ulivyomkaribisha."

Bishar alilia. Alilia huku akimtazama mtu aliyesimama mlangoni ambaye wengine hawakumwona. Kisha akamtazama binti yake.

"Karibu yako imekwisha," alisema. "Ondoka nyumbani kwangu."

Feni ilizunguka. Harufu ya jiwe bichi ilijaa chumbani, ikawafika mpaka kooni, na Arbia akainua mkono wake polepole juu, kama mtoto anayeshikwa mkono na mtu mrefu, akashuka kwenye kigoda.

"Hooyo," alisema, "anasema njia ni ndefu na haijui. Anataka nimsindikize."

Hinda alimrukia, akamkumbatia kwa nguvu, na mkono wa mtoto bado ulikuwa umevutwa juu, umenyooka, ngozi imebonyea mahali pa vidole.

"Mwache mtoto!" Bishar aliinuka. "Nitakusindikiza mimi."

Mkono wa Arbia ukaanguka.

"Mpaka getini tu!" Sheikh Nuh alimkamata Bishar bega. "Unanisikia? Ukifika getini simama, mpe kisogo, urudi. Usimjibu neno."

Bishar aliitika kwa kichwa. Akatoka uani kwenye jua, akitembea taratibu, kichwa ameinamisha upande mmoja kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya mzee. Hinda alimfuata kwa macho akihesabu pumzi zake mwenyewe, akimwona anafika getini, anafungua, anasimama, na pale alipopaswa kugeuka akamwona anatabasamu kwa jambo aliloambiwa, anajibu, anavuka kizingiti na kuingia barabarani. Alimkimbilia. Tuktuk zilimkwepa zikipiga honi, wauza miraa wakainuka kwenye viti, naye Hinda alikimbia mpaka kiatu kikamvuka, akiita jina la mumewe, na Bishar aliyekuwa akitembea polepole kama mtu aliyeshiba hakukaribika hata hatua moja, mpaka kona ya msikiti ikamficha.

Polisi waliuliza watu. Wote walisema walichokiona: wanaume wawili wakiongozana, mmoja mrefu mwenye kanzu nzito isiyofaa kwa joto lile, wakizungumza kama marafiki.

Nyumbani harufu ilikwisha. Arbia akaanza kunenepa. Hinda alirudi kwenye mkahawa wake kwa sababu mtoto alihitaji ada, na mchana akimhudumia mteja alikuwa akisahau kwa muda, kisha anakumbuka na kushika meza. Sheikh Nuh alimwachia onyo moja kabla ya kurudi Takaba: kwa miezi hii, mtu akibisha, amwulize jina kwanza, na asitamke neno la kumkaribisha mpaka awe na hakika.

Mvua zilipokaribia, lori lilisimama nje ya nyumba wakati wa mchana.

"Hodi!" mtu aliita. "Hinda, ni mimi Awil, wa Modogashe."

Alimfahamu. Awil alikuwa binamu ya Bishar, dereva wa malori ya mbuzi. Alikwenda mpaka getini, akasimama bila kufungua.

"Sema, Awil."

"Nimemleta mumeo." Sauti yake ilikuwa ya kuchoka. "Nimemkuta njiani, mbele ya Modogashe, amelala chini ya mgunga. Ni mifupa mitupu, dada. Hawezi hata kukaa. Fungua tumwingize."

Hinda akashika komeo kwa mikono miwili.

"Ulipomkuta alikuwa na nani?"

"Peke yake."

"Ulimwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Nilisimamisha gari nikasema karibuni, nafasi ipo."

"Karibuni? Mtu mmoja?"

"Sijui," Awil alisema, kama mtu anayejiuliza mwenyewe. "Ndivyo lilivyonitoka. Hinda, fungua. Nina njaa ajabu, tangu jana nakula na sishibi."

Upepo ulipita chini ya geti. Ulikuwa wa baridi, na ulinuka jiwe bichi.

"Ondoka naye," Hinda alinong'ona, machozi yakimtiririka. "Mpeleke hospitali. Nitakuja huko, nakuapia nitakuja."

Kutoka ndani ya lori ilisikika sauti ndogo, dhaifu, iliyopasuka, lakini ni sauti aliyolala nayo miaka yote ya ndoa yake.

"Hinda. Usifungue."

Akalaza paji la uso kwenye bati la geti na kulia bila kutoa sauti, mikono yake imekaza komeo lisisogee, naye hakusikia miguu ya mtoto ikitoka mbio ndani ya nyumba, mtoto aliyekuwa amelala mchana na ambaye sasa ameisikia sauti ya baba yake.

"Aabo!" Arbia alipiga kelele kwa furaha. "Aabo amerudi! Karibuni! Karibuni nyote!"

Hinda aligeuka kumziba mdomo. Nyuma yake, taratibu, bila kuguswa na mkono wake, komeo likateleza.