Kompyuta Iliyopiga Hodi

Kosa alilolifanya Mwanaisha ni dogo, tena wewe unayesoma hapa huenda umeshalifanya mara tatu tangu asubuhi. Alisikia mtu akipiga hodi, akajibu karibu. Basi. Tofauti yenu ni kwamba wewe ulimjua aliyekuwa mlangoni.

Ilikuwa Julai, saa nne asubuhi, na ukungu wa Mbinga bado umelala juu ya mabati. Mwanaisha alikuwa fundi wa sare za shule. Kila mara alishuka ziwani na utepe wake wa kupimia, Mbamba Bay, Liuli, mpaka Ngumbo, akiwapima watoto mmoja mmoja, kisha akarudi Mbinga kushona. Safari zote hizo alikwenda na bintiye Hasna, mtoto wa miaka mitano ambaye mdomo wake ulifungwa na usingizi tu. Baba yake, Nurdini, alimwita Redio. Mtoto wa namna hiyo nyumbani ni raha, lakini garini saa sita mfululizo ni mtihani, na ndiyo maana Mwanaisha siku hiyo alisimama mbele ya meza ya Abdulmalik, mwuza kompyuta zilizotumika, jirani na stendi.

"Nataka ya safari na burudani," alimwambia. "Mtoto aangalie katuni, na mimi tamthilia zangu. Kule ziwani mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo iwe na nafasi ya kuhifadhi filamu."

Abdulmalik, ambaye babu yake alitoka Kilwa na ambaye aliongea na wateja kama anawaposa, alipanga tatu mezani. Ya kwanza kioo chake kilikuwa kikubwa, picha zinang'aa, lakini ilikuwa nzito ya kumng'oa mtu bega. Ya pili nyepesi, ila betri yake isingefika hata Kitai, hapo jirani tu, kwa jinsi alivyokiri mwenyewe. Ya tatu ilikuwa nyeusi, nyembamba, uzito wa madaftari mawili. Betri saa saba. Kioo chake kilisomeka hata juani.

"Hii ndiyo yako, dada. Tujaribu spika."

Aliiwasha. Mwanaisha alikuwa ameinama kumfunga Hasna kamba za kiatu. Akasikia sauti ya mwanamke, ya upole, ya mtu mwenye adabu zake: "Hodi."

"Karibu," akajibu Mwanaisha bila kuinua kichwa.

Muziki ukaanza. Alipoinuka, Abdulmalik alikuwa anamtazama. "Umemjibu nani?"

"Si kuna mtu mlangoni?"

Mlangoni hapakuwa na mtu. Abdulmalik alicheka kidogo, cheko la mtu anayetaka kuuza. "Itakuwa filamu ya mwenyewe wa zamani. Laptopu hii iliokotwa ndani ya begi, ufukweni Ngumbo. Mwenye begi hakuonekana. Walioiokota wamengoja mwaka mzima, ndipo ikanifikia."

Hapo ndipo angeirudisha mezani. Lakini betri saa saba! Betri ndiyo iliyomponza, msimtafutie sababu nyingine.

Wiki ya kwanza Mwanaisha alijipongeza. Hasna aliipakata toka asubuhi, katuni zikaenda, cherehani nayo ikaenda. Jambo moja tu lilimshangaza: betri haikushuka. Alama ilibaki palepale, mia kwa mia, na waya wa chaji ulikuwa haujatolewa hata kwenye mfuko. Akadhani amepata bahati. Kisha ikaja harufu, shombo la usipa wabichi, wale dagaa wa ziwani, pamoja na tope, ndani ya nyumba ya Mbinga iliyo mlimani, ambako siku hizo hawakuwa wamepika hata dagaa. Alifagia, akamwaga maji ya sabuni, akafungua madirisha. Harufu ilitulia kwa muda, ikarudi.

Halafu akagundua tabia ya ile kompyuta. Katika kila filamu, mtu akifika mlangoni na kupiga hodi, picha ilisimama. Haikuganda kama kompyuta mbovu inavyoganda. Pazia la dirisha kwenye picha liliendelea kupepea na kuku waliendelea kudonoa, ila watu wote walisimama wakiutazama ule mlango. Ikawa inangoja. Hasna, kwa kuwa watoto wa rika lake hujifunza haraka kuliko sisi, alikuwa ameshajua dawa yake.

"Karibu!" alipaza sauti, na filamu ikaendelea.

"Nani kakufundisha?" Mwanaisha aliuliza.

"Bibi wa humu. Anasema hapiti mpaka akaribishwe."

Siku ya sita sauti ya Hasna ilikwaruza. Siku ya saba ilikuwa ya mzee. Walimpeleka hospitali, daktari akammulika koo, akasema halina hata wekundu, akawapa dawa ya maji. Nurdini akaanza kumkemea mtoto apumzishe koo, na huku nyuma Mwanaisha akahesabu kichwani na kupata jibu ambalo hakutaka kulipata: kila karibu moja, sauti ya mtoto ilipungua. Na ile sauti ya hodi, ambayo dukani ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, ilikuwa inazidi kuwa nyembamba, laini, changa.

Aliifunga kompyuta, akaitia kwenye mfuko wa rambo, akaiweka juu ya kabati. Aliogopa, na hakuona aibu kuogopa.

Siku ya tisa, saa nane mchana, alikuwa anashona kola, Hasna miguuni pake akiokota vifungo na kuvitia kikoponi, jua limetoka, jirani anatwanga, siku ya kawaida kabisa. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Kutoka mlangoni sauti ikasema, "Hodi."

Ilikuwa sauti ya Hasna.

Mwanaisha aliangalia mlangoni, pakavu, patupu, kisha akaangalia miguuni pake, na Hasna alikuwa palepale ameshika kifungo cheupe, macho yamemtoka, na ile sauti ikarudia tena hodi kwa utamu uleule aliokuwa nao mtoto akitoka kucheza kwa jirani, na Mwanaisha akajiziba mdomo kwa viganja viwili kwa sababu ulimi wake, kwa mazoea ya maisha yote, ulikuwa tayari umejikunja kujibu, na mara ya tatu aliposikia hodi akaona sakafu ya saruji ikilowa, unyayo mmoja, kisha mwingine, ukitoka kizingitini na kupita katikati ya vitambaa mpaka chini ya kabati, na Hasna naye akafungua kinywa aseme kitu, akafungua tena, lakini hewa tupu ndiyo iliyotoka.

Juu ya kabati, ndani ya mfuko, sauti ya bintiye ikamuuliza, "Mama, mbona hunikaribishi?"

Kesho yake Nurdini aliwapeleka kwa Bi Ephrasia, mkulima wa kahawa upande wa Litumbandyosi. Watu walisema ana mkono kwa mambo ya namna hiyo, ingawa mwenyewe hakupenda kuitwa mganga. Walimkuta kwenye kichanja anageuza kahawa iliyoanikwa, rozari shingoni, na hakuacha kazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hicho mlichokibeba kiacheni hapo hapo chini. Kinanuka." Alimwangalia Hasna kwa muda mrefu. Mtoto alilia bila sauti, na kumwona mtoto analia hivyo kulimvunja moyo Nurdini kuliko kilio chenye sauti. "Nani alimkaribisha?"

"Ni mimi, bibi," Mwanaisha alinong'ona. "Sikujua. Alipiga hodi, nikaitika tu."

"Ungefanyaje? Ndivyo tulivyolelewa." Bi Ephrasia alikung'uta mikono. "Sasa nisikilize, mwanangu. Huyu hakuvunja mlango. Ameingia kwa heshima, ametandikiwa, na mtoto kampa alichokuwa nacho. Mkimfukuza ataondoka nacho. Mkichoma hicho kitu mmechoma sauti ya mtoto. Mgeni husindikizwa. Mbebe mpaka kwao, muage vizuri, umwombe akuachie cha mtoto. Nenda peke yako, kwa sababu wewe ndiye mwenyeji wake."

"Na mimi?" Nurdini aliuliza.

"Wewe kaa na mtoto, mlango umefungwa, midomo imefungwa. Na wewe, mama, jambo moja." Akashusha sauti. "Ukishamuaga atataka naye akusindikize. Si unajua watu wetu? Huyu anamsogeza yule, yule anamrudisha huyu, mpaka jua linazama wako njiani. Kataa. Hata kama ni kukosa adabu, kataa. Akikufikisha kwako, hatakuwa mgeni tena."

Mwanaisha aliondoka alfajiri iliyofuata na kompyuta ndani ya begi la mgongoni. Aliteremka milima, baridi ikabaki nyuma, joto la ziwa likampokea, na saa saba mchana alikuwa anakanyaga mchanga wa Ngumbo. Njia yote hakutia kitu mdomoni, si maji, si karanga. Alikuwa na jambo moja moyoni, kumsikia Hasna akimsumbua kwa maswali, na aliapa hatamnyamazisha tena maisha yake yote.

Aliiweka kompyuta pale maji yanapoishia. "Mgeni wetu, tumefika kwenu," alisema. "Kama tulikukosea utusamehe. Tuachie cha mtoto, uende salama."

Ziwa lilikuwa shwari kama maji ndani ya beseni. Hata hivyo wimbi moja lilikuja, dogo, likaipitia kompyuta, likarudi nayo. Kutoka majini akasikia mtoto akikohoa mara moja, kama anayesafisha koo. Mwanaisha alipiga magoti mchangani akalia kwa nguvu, kilio cha mtu aliyetua mzigo.

Alipoanza kupanda njia ya kwenda barabarani, alitega masikio. Alingoja hodi ya majini, alingoja kiumbe chenye nywele za mwani, alikuwa amepiga moyo konde kukataa. Jirani na njia mama mmoja alikuwa anafua, povu limemfika kwenye viwiko.

"Pole na safari, mama. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, ahsante." Nani asiyeulizwa habari za mtoto?

"Mbona umechoka hivyo? Lete begi nikusogeze barabarani." Sauti yake ilikwaruza, sauti ya mtu mwenye mafua.

Watu wa ziwani ndivyo walivyo, wakarimu, na Mwanaisha alikuwa hajala tangu jana. "Haya, mama. Mungu akubariki," akasema, akalivua begi mgongoni akampa.

Barabarani mama alimrudishia begi, akalifuta kwanza kwa khanga yake. Gari lilikuwa tayari. Kule ndani abiria mmoja alianza kulalamika, "Jamani, nani kabeba samaki wabichi hawajafungwa?" na wote wakacheka, maana garini hapakosi mwenye samaki. Mwanaisha naye alicheka, mara ya kwanza kwa siku kumi. Begi alikuwa amelipakata. Liliyalowesha mapaja yake, na lilikuwa zito, lakini akili yake ilikuwa imeshafika nyumbani.

Alishuka Mbinga saa kumi na mbili na nusu, ukungu unashuka. Alikimbia zile hatua za mwisho. Mlango ulikuwa umefungwa, kama Bi Ephrasia alivyoagiza, na Mwanaisha akagonga, akaita kama anavyoita mtu yeyote anayerudi kwake.

"Hodi!"

"Karibu, mama!"

Ilikuwa ile ile! Nyembamba, safi, haina mkwaruzo hata chembe. Alhamdulillahi! Begi lililokuwa zito njia nzima lilimponyoka mkononi, likaanguka kizingitini bila kishindo, tupu, na yeye hakuligeukia. Alisukuma mlango, mikono ameshaitanua kumdaka mtoto.

Nurdini alikuwa ameketi sakafuni, pembeni kabisa, mgongo umebana ukuta. Alikuwa amemkumbatia Hasna kwa mkono mmoja, na kidole cha mkono wa pili amekiweka mdomoni, akimwomba mkewe kwa macho asiseme kitu. Mtoto alikuwa amefumba mdomo. Alimtazama mama yake, machozi yanamtiririka, akatikisa kichwa polepole: si mimi.

Mwanaisha akageukia kule walikokuwa wanatazama. Kiti cha Nurdini, kile kikubwa cha mwenye nyumba, hakikuwa na mtu. Mto wake ulikuwa umebonyea katikati, na maji yalikuwa yanadondoka chini, tone, tone, juu ya sakafu.

"Pole na safari," kiti kilisema kwa sauti ya Hasna, kwa ukarimu mwingi. "Karibuni, wageni, msikae chini. Mtakaa siku ngapi?"